Je, wajua kwa nini "Doria ya Usiku" ya mchoraji Mholanzi Rembrandt ni picha ya mchana?

Ukiitazama picha hii, iwe ukutani katika makumbusho ya Rijksmuseum mjini Amsterdam au kwenye simu yako, usianze na nyuso. Anza na mkono wa kushoto wa yule bwana wa katikati, mwenye nguo nyeusi na utepe mpana mwekundu uliokatiza kifuani. Ameunyoosha mbele kama mtu anayetoa amri, na kivuli chake kimeangukia koti la manjano la mwenzake, vidole vikionekana bayana. Kivuli kikali namna hiyo si cha mwezi. Ni cha jua, nalo liko juu upande wa kushoto.

Hata hivyo, dunia nzima inaiita Doria ya Usiku.

Rembrandt hakuipa jina hilo. Aliimaliza mwaka 1642 ili itundikwe katika ukumbi wa wanamgambo wa Amsterdam, raia wenye nafasi zao waliojitolea kulinda mji. Mwenye nguo nyeusi ni Kapteni Frans Banninck Cocq, na wa koti la manjano ni Luteni Willem van Ruytenburch. Wenzao waliotaka kuchorwa walichanga takriban gilda 100 (fedha ya Uholanzi ya wakati huo) kila mmoja. Katika albamu ya kapteni mwenyewe, maelezo ya picha ni mafupi: anamwamuru luteni wake akitoe kikosi. Usiku hautajwi popote.

Giza lililetwa na vanishi. Wachoraji wa enzi hizo walipaka utomvu wa miti juu ya rangi iliyokauka ili picha ing'ae na isichakae. Fundi seremala yeyote anajua mlango uliopigwa vanishi hubadilika kadiri miaka inavyokwenda: kwanza unjano, kisha hudhurungi. Picha hii ilipakwa tena na tena, tabaka juu ya tabaka, na katikati yake vikanaswa vumbi na moshi wa ukumbini. Baadhi ya rangi zenyewe pia zilikufa. Smalti, buluu ya bei nafuu iliyotokana na kioo kilichosagwa, hupoteza ubuluu wake na kugeuka kijivu. Kufikia mwishoni mwa karne ya 18, mtazamaji aliona watu wenye silaha wakitokeza gizani, akahitimisha kwamba wako doria usiku. Jina likaganda.

Giza hilo lilificha mambo matamu. Kuna binti mdogo aliyevaa nguo ya rangi ya dhahabu, na kiunoni ananing'iniza kuku mfu, miguu juu. Hakutumwa sokoni: kucha za ndege zilikuwa nembo ya wanamgambo hao. Nyuma ya luteni, bunduki inafyatuka karibu kabisa na kofia yake, na pembeni mbwa anambwekea mpiga ngoma. Picha nyingi za vikosi kama hivi zilipanga watu safu kama darasa siku ya kupiga picha. Rembrandt alichora vurugu za watu wanaojiandaa kutoka. Kuna hadithi kwamba waliolipa walikasirika, wakamkataa, naye akafilisika. Siiamini hata kidogo. Ufilisi wake ulikuja mwaka 1656, miaka 14 baadaye, na nyumba ya gharama kubwa aliyoinunua mwaka 1639 inaueleza vizuri zaidi kuliko picha hii.

Madhara mabaya zaidi hayakutoka kwa vanishi bali kwa mkasi. Mwaka 1715 picha ilihamishiwa ukumbi wa baraza la mji, na kwa kuwa haikuenea ukutani, waliikata pande zote nne. Kushoto ndiko kulikoumia zaidi, takriban sentimita 60, na wanamgambo wawili wakatoweka moja kwa moja. Vipande hivyo havijaonekana hadi leo. Tunajua vilikuwaje kwa sababu mchoraji Gerrit Lundens alikuwa amenakili picha nzima kabla ya kukatwa, na mwaka 2021 Rijksmuseum ilitumia nakala hiyo pamoja na akili bandia kuunda upya sehemu zilizopotea.

Lakini vanishi hiyohiyo tunayoilaumu iliwahi kuokoa picha. Mwaka 1911 mtu aliishambulia kwa kisu, kisu kikashindwa kupenya. Mwaka 1975 haikuwa na bahati hiyo: mshambuliaji mwenye kisu cha mezani aliichana turubai mara kadhaa, na marekebisho yakachukua miezi. Mwaka 1990 mwingine aliirushia tindikali. Walinzi wakawahi kuimwagia maji, na tindikali ikaishia kwenye vanishi bila kugusa rangi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambapo ilikuwa imeviringishwa na kufichwa, mafundi Waholanzi waliisafisha na nuru ikarudi kwa kiasi kikubwa. Kila aliyeiona alijua sasa kwamba ni mchana, lakini hakuna aliyethubutu kugusa jina. Mwaka 2019 Rijksmuseum ilianza uchunguzi mkubwa wa picha hiyo ndani ya chumba cha kioo, mbele ya macho ya wageni, na mwishoni mwa 2024 wataalamu wakaanza kuondoa vanishi iliyopakwa baada ya shambulio la 1975. Kazi yenyewe imeitwa Operesheni Doria ya Usiku.