Mwanaanthropolojia katika vita na maafa: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wengi hudhani kwamba mwanaanthropolojia, yaani mtafiti wa maisha na mila za watu, huitwa wakati wa dharura ili awabembeleze wenyeji waache mila zinazowazuia wataalamu kufanya kazi. Yaliyotokea Gulu, kaskazini mwa Uganda, yanaonyesha kinyume chake. Mwishoni mwa mwaka 2000, vita vya waasi wa Lord's Resistance Army (LRA) vikiwa bado vinaendelea, Ebola ilizuka huko, na hadi ilipotokomezwa mapema mwaka 2001 ilikuwa imewapata watu 425 na kuwaua 224. Mwanaanthropolojia Barry Hewlett, aliyeitwa na Shirika la Afya Duniani, aliwasikiliza Waacholi, wenyeji wa huko, wakimweleza utaratibu wao wa tangu zamani wa kukabiliana na gemo, yaani tauni inayokuja ghafla: mgonjwa hutengwa katika nyumba yake, mabua marefu ya mabingobingo husimikwa mlangoni ili wapitao wajue, anayemhudumia huwa ni mtu aliyekwisha kuugua akapona, na ngoma husimamishwa pamoja na safari za kijiji hadi kijiji. Daktari gani angepinga masharti hayo? Kilichowatia watu hofu na kuwafanya wakimbie hospitali, kwa sehemu kubwa, ni kuona maiti zikizikwa karibu na uwanja wa ndege bila jamaa kuonyeshwa. Mtafiti, kwa hiyo, huwachunguza watoa misaada kama anavyowachunguza wanaosaidiwa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo nusu ya kazi inayosahaulika zaidi.

Dhana nyingine ni kwamba kujua Kiswahili kunatosha. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1958, mkimbizi kutoka Kongo ataeleza shida zake kwa Kiswahili bila kusita. Ukimsalimu mzee wa kaskazini mwa Uganda kwa lugha hiyohiyo, huenda akakumbuka askari walioisema na vizuizi vyao vya barabarani, nawe ukajibiwa kwa adabu tu na usiambiwe lolote la maana. Sisi tunaokipenda Kiswahili yatupasa kulikubali jambo hilo.

Wapo pia wanaodhani kwamba kila neno likiandikwa daftarini, utafiti umekamilika. Palipo na vita, daftari linaweza kunyang'anywa njiani. Ndiyo maana jina la mama aliyesema mwanawe yuko msituni na waasi haliandikwi popote, hata mwenye mradi akilidai.