Redio ya ridhaa haijafa

Hapa Goma utasikia simu zimeua redio ya ridhaa, ile ya watu binafsi wenye leseni wanaozungumza mbali bila mnara wa kampuni. Si kweli. Kinachoyumba ni soko: wanunuzi wakongwe wa mitambo ghali wanapungua, na vijiredio vya Kichina vya bei chee vimejaa. Fani yenyewe inasonga. Mwaka 2017 ilikuja FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi inayonasa ishara hafifu kwa kompyuta. Mwaka 2018 Qatar ilirusha Es'hail-2, setilaiti iliyobeba QO-100, kituo cha kupokea na kurusha upya mawimbi ya wanaredio. Iko juu ya ikweta, nyuzi 26 Mashariki, karibu utosini mwetu, dishi la Goma hutazama karibu juu moja kwa moja (mvua ikinyesha, ni karai!). Kwa masafa ya megahezi 7, antena ya waya wa mita 20 na betri ya gari humwezesha mwenye redio kusikika ng'ambo ya mipaka.