Je, wajua kwa nini kuna baka linalosikia krimu lakini haliponi?

Ingia duka la dawa lolote karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, au Kilombero, Arusha, useme una mabaka yanayowasha. Huenda ukatoka na tyubu ya krimu mchanganyiko: dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi humo humo. Nafuu huja. Kuna watu wachache sana, lakini, ambao baka lao hufifia, wakiacha krimu linarudi palepale, na hali hiyo ikaendelea kwa miaka hata kumi.

Kwa baadhi yao tatizo ni seli za kinga zenyewe.

CD4 wengi tunaifahamu kutokana na kliniki za VVU, ambako hofu ni kwamba imeshuka. Ni limfosaiti T, seli nyeupe zinazoongoza kinga ya mwili. Katika ugonjwa uitwao maikosisi fungoidesi mambo hugeuka: seli moja ya aina hiyo huharibika vinasaba, hukataa kufa muda wake ukifika, na kuendelea kuzaa nakala zake. Kwa kuwa ilikuwa na vipokezi vya kuipeleka ngozini, nakala nazo huenda kujazana huko. Ni saratani, ila mara nyingi ya mwendo wa kinyonga. Licha ya jina lake, fangasi haihusiki kabisa. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, aliyeueleza mwaka 1806, aliona tu vivimbe vilivyomkumbusha uyoga.

Basi krimu inasaidiaje? Ni ile steroidi, ambayo hudhoofisha limfosaiti na hata kuziua. Hospitalini pia steroidi ya kupaka hutumika katika hatua za mwanzo, pamoja na tiba ya mwanga wa urujuanimno. Ubaya wa kujipakia bila vipimo ni kwamba dalili hujificha, hata kwenye hadubini. Ndiyo maana daktari anaweza kukuambia uache krimu wiki kadhaa kabla ya kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi cha kupimwa.

Kwenye ngozi nyeusi baka linaweza kuwa jeupe-jeupe, likakaa matakoni, kiunoni au mapajani, mahali jua lisipofika. Ni rahisi kudhani ni utangotango, au ukoma. Baka la ukoma kwa kawaida limekufa ganzi. Hili huhisi hata ukiligusa kwa pamba. Aina hii nyeupe huwapata zaidi vijana na hata watoto, seli zake mara nyingi ni CD8, aina nyingine ya limfosaiti T, badala ya CD4, na kwa kawaida haina ukali.

Wingi wa seli hizi hauongezi kinga hata kidogo. Humwaga kemikali zinazoleta muwasho wa kukesha, na ugonjwa ukikomaa, limfosaiti zenye afya hupungua, bakteria wakapata mlango kwenye ngozi iliyochubuka. Wagonjwa wengi wa hatua hiyo huuawa na maambukizi. Wengine ngozi huvimba na kubanduka mwili mzima, mitoki ikatokeza, na seli zenye viini vilivyojikunja zikaonekana kwenye damu.

Kinyama huenda kikakatwa zaidi ya mara moja, maana mwanzoni seli mbovu ni chache na zinafanana na za pumu ya ngozi. Kwa hili watu wa Moshi wana bahati: hospitali ya KCMC ina kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990. Ukienda, beba na tyubu zote ulizowahi kupaka.