Cheti cha jeshi hakijirekebishi chenyewe

Askari wengi wa Marekani wanaoachishwa kazi wakiwa na doa kwenye cheti cha kuondoka, yaani neno linaloonyesha hawakuondoka kwa heshima kamili, huambiwa: tulia, baada ya miezi 6 kitabadilika chenyewe. Uvumi mtamu, maana haudai hata stempu. Lakini hakibadiliki. Hata ipite miaka 20, neno lililoandikwa kwenye DD 214, hati anayopewa siku ya kuondoka, hubaki vilevile mpaka aombe mwenyewe. Kwa kawaida hujaza fomu DD 293 ndani ya miaka 15 tangu aondoke. Ikizidi hapo, DD 149. Hii ya pili ndiyo pia ya nishani iliyosahaulika au tarehe iliyokosewa, ndani ya miaka 3 tangu kosa ligundulike, ingawa bodi ya jeshi inayopitia maombi hayo yaweza kusamehe uchelewaji. Ushahidi aambatanishe mwenyewe, bodi haimtafutii.