Hiyo tyubu mmeitoa wapi?

Juzi mama mmoja kaniletea bintiye wa miaka 15, kavaa barakoa na korona ilisha kitambo. Namwambia mwanangu hebu itoe nikuone, kuitoa tu, mashavu yote vichunusi vidogovidogo vya saizi moja kama vimepigwa muhuri. Nikauliza wapaka nini? Mama akafungua mkoba akatoa tyubu haina boksi, imekunjwa mpaka shingoni. Nasoma: klobetasoli.

Sasa hiyo ni steroidi kali jamani, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, twaiandika kwa magonjwa mengine ya ngozi na kwa muda mfupi. Ukiipaka usoni siku za mwanzo ngozi yatulia, yang'aa, ndo inavyokunasa, manake ukiiwacha tu chunusi zarudi kwa fujo, wapaka tena, na huku ngozi yazidi kuwa nyembamba. Nikamweleza mapema, tukiitoa wiki za kwanza utachafuka kuliko leo, usinikimbie.

Chunusi zenyewe hazina siri. Ukibaleghe, homoni za androjeni, zile waziitazo za kiume, zapanda (wasichana pia wanazo), vitezi vya mafuta vyafanya kazi ovataimu, seli zilokufa zaziba kile kitundu cha kinyweleo, halafu kuna bakteria anaeishi kwenye ngozi ya kila mtu, yeye kwenye mafuta yaloziba ndo nyumbani, basi pavimba. Vile vidoti vyeusi puani si uchafu, ni mafuta na rangi ya ngozi vimekutana na hewa, hata usugue na dodoki mpaka utoke damu havitoki. Mate ya asubuhi nayo hayana dawa, ndimu yaunguza, na hiyo ya "utaolewa zitaisha" sitaki kuisikia tena klinikini kwangu.

Mafuta ya nazi pakeni miguuni. Usoni, na jasho la Mombasa hili, yaziba vitundu.

Huyu binti nilimpa vitu viwili tu. Asubuhi jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, usiku adapalini ya asilimia 0.1, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima, sio kudonadona pale penye chunusi peke yake. Aanze usiku mmoja aruke mmoja, ikichoma sana apunguze. Nikamwonya foronya na leso za rangi zitatoka mabaka, hiyo jeli yatoa rangi ya nguo. Na matokeo ni wiki 8 mpaka 12, hapa ndo wengi wanaponipotea, wiki ya tatu ashabadilisha krimu.

Kutumbua pia aache. Ngozi zetu nyeusi chunusi yaisha lakini doa labaki miezi, na jua letu lalikoleza, kwa hivyo apake sanskrini, ile krimu ya kukinga jua.

Akiwa na majipu makubwa ya ndani yenye uchungu, au zinaacha makovu, msingoje, kuna vidonge. Aisotretinoini ina nguvu sana lakini yaharibu mtoto tumboni, kwa hivyo msichana hapewi bila kupimwa mimba. Na binti ambae hedhi zapotea miezi na ndevu zaanza kidevuni, huyo apimwe homoni kwanza.

Wanatoka, mama akarudi mlangoni peke yake, sauti ya chini: "Daktari, ile tyubu nirudishie, ni ya jirani."