Mhitimu wa uhasibu, kabla hujaripoti kazini kama mkaguzi

Wahitimu wengi tunaowapokea kwenye timu za ukaguzi wana vyeti vizuri. Aina za maoni ya mkaguzi, yaani hati inayoridhisha, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha: wanazieleza zote bila kusita. Lakini mpe mmoja wao hati ya malipo na viambatisho vyake aseme kama fedha ilitumika ipasavyo, ataanza kujumlisha tarakimu. Tarakimu mara nyingi ziko sawa. Mwenye jambo la kuficha huhakikisha kwanza kwamba jumla inakubali.

Kwa hiyo, jizoeze kufuatilia muamala mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme halmashauri imenunua mifuko 200 ya saruji kwa shilingi 18,000 kila mmoja, jumla shilingi 3,600,000, kwa ajili ya madarasa yanayojengwa kwa fosi akaunti, yaani halmashauri inanunua vifaa yenyewe na kutumia mafundi badala ya kumpa mkandarasi kazi yote. Tafuta ombi la ununuzi, muhtasari wa kikao cha kamati, oda, hati ya kupokelea mzigo, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), hati ya malipo na leja ya stoo. Zipange kwa tarehe. Mzigo ukiwa umepokelewa tarehe 4 na oda imeandikwa tarehe 9, tayari una swali la kuuliza. Risiti ya EFD ina namba ya uhakiki. Iingize kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) uone kama risiti ipo na kiasi ni hicho hicho. Halafu nenda kwenye eneo la ujenzi. Leja ikisema mifuko 150 imeshatoka stoo na jengo bado liko kwenye msingi, fundi ana maelezo ya kutoa.

Linalowasumbua wengi zaidi ni mahali pa kuanzia. Ukichagua kompyuta 10 kwenye rejista ya mali na kwenda kuzitafuta maofisini, unapima kama zilizoandikwa zipo kweli. Ukichagua kompyuta 10 zilizo mezani na kuzitafuta kwenye rejista, unapima kama zilizopo zimeandikwa. Ni vipimo viwili tofauti, na kimoja hakifidii kingine. Kwenye mapato ya halmashauri tofauti hii ni kubwa. Anayeanzia kwenye vitabu vya hesabu hawezi kukuta shilingi ambayo haikuingizwa humo. Fedha mbichi, yaani mapato yaliyotumika kabla hayajafika benki, huonwa na anayeanzia kwenye kumbukumbu za mashine ya POS ambayo mkusanyaji hutolea risiti za mapato, akazilinganisha siku kwa siku na taarifa ya benki. Kijana aliyelielewa hili namthamini kuliko aliyekariri namba za viwango vyote vya kimataifa vya ukaguzi. Namba atazikuta kwenye kitabu.

Somo bora la bure ni ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Humfikia Rais kabla ya Machi kwisha, huwasilishwa bungeni kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, kisha hupatikana kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Anza na ya serikali za mitaa, na uangalie hoja inavyojengwa. "Fedha zimetumika vibaya" si hoja. "Masurufu ya shilingi 2,400,000 waliyopewa watumishi watatu hayajafanyiwa marejesho, na muda uliowekwa na kanuni umepita" (masurufu ni fedha ya kazi anayopewa mtumishi mapema, kisha aonyeshe alivyoitumia) ni hoja, kwa sababu mkaguliwa anaweza kuijibu kwa nyaraka. Iongezee chanzo, athari na pendekezo. Andika tatu au nne za kujifunzia kabla ya usaili, kwani maswali ya kuandika mara nyingi huelekea huko. Na Excel uijue vizuri. Utaitumia kila siku.

Mitihani mikuu ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, hufanyika Mei na Novemba. Ukienda serikalini, hesabu hufungwa Juni 30 na kazi hubana kuelekea Machi, hivyo Novemba itakukuta uko kwenye ukaguzi. Kampuni binafsi nyingi hufunga Desemba 31, na huko miezi ya kwanza ya mwaka ndiyo migumu. Chagua mtihani ukijua hilo.

Mhasibu utakayemkagua huenda ni mtu wa umri wa wazazi wako. Mwamkie, muombe nyaraka kwa orodha iliyoandikwa, na msaini wote siku ya kuzipokea na siku ya kuzirudisha. Heshima hiyo haikuzuii kuuliza mara ya pili na ya tatu. Ukiwa na ndugu katika taasisi inayokaguliwa, mwambie kiongozi wa timu kabla hamjasafiri. Chakula, mafuta ya gari na bahasha ya "nauli" usipokee, hata ukiambiwa wengine hupokea.

Ipo siku utakutana na karatasi inayonuka wizi. Usimtuhumu mtu, na usiiweke picha yake kwenye kundi lolote la WhatsApp. Chukua nakala, andika ulipoipata na aliyekukabidhi, na umpelekee kiongozi wa timu siku hiyo hiyo.