Chanseli si altare

"Zamani wanakwaya walikuwa wanakaa altareni." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno kwa Waswahili wenzangu tunapotembelea makanisa ya kale ya vijijini Uingereza, na Jumamosi iliyopita nikaisikia tena Ranworth, huko Norfolk. Hakuna mtu anayekaa altareni, kwa sababu altare ni meza. Sehemu ya mashariki ya kanisa inayoizunguka meza kubwa, ng'ambo ya kiambaza cha mbao, ndiyo chanseli. Upande wa magharibi, penye mabenchi na birika la ubatizo, ni ukumbi wa waumini. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Linaloniudhi ni kwamba jina la chanseli halihusiani na altare hata kidogo. Limetokana na neno la Kilatini *cancelli*, yaani fito zilizopishana na kuacha matundu, kama kimia. Warumi waliweka vizuizi vya namna hiyo mahakamani kutenga hakimu na watu. Mtumishi aliyesimama penye fito hizo aliitwa *cancellarius*, na cheo chake kikapanda karne hadi karne, mpaka leo tunasema Kansela wa Ujerumani. Makanisani nako fito zilitenga sehemu ya makasisi, kisha jina la fito likahamia kwenye chumba kilichokuwa nyuma yake. Kwa hiyo anayetamka chanseli anataja kizuizi, hata kama hakioni.

Na kizuizi hicho kilikuwa na uzito. Kwa desturi iliyotia mizizi Uingereza katika karne ya 13, chanseli ilikarabatiwa na yule aliyepokea zaka za parokia, na ukumbi ukawa mzigo wa waumini. Ndiyo sababu mara nyingi unakuta ukumbi mrefu, wenye madirisha makubwa yaliyoongezwa kijiji kilipopata fedha za sufu, na nyuma yake chanseli fupi ya zamani ambayo mwenye zaka hakujisumbua kuigusa. Jengo ni moja, mifuko miwili. Malkia Elizabeth wa Kwanza alipoamuru mwaka 1561 roshani zilizokuwa juu ya viambaza hivyo zibomolewe, aliagiza kiambaza chenyewe kibaki, ili chanseli iendelee kutengwa na ukumbi. Na msidhani mambo hayo yamekwisha. Mwaka 2003 Bunge la Mabwana, lililokuwa bado mahakama ya juu kabisa, liliamua kwamba wenye shamba fulani karibu na kanisa la Aston Cantlow, Warwickshire, wana wajibu wa kulipia ukarabati wa chanseli, kwa kuwa ardhi waliyoimiliki ilibeba wajibu huo wa kale. Wajibu wao uliishia kwenye chanseli. Ukumbi haukuwahusu.

Sasa rudi nami Ranworth, maana pale ndipo kosa linapojisahihisha lenyewe. Kiambaza chake ni cha karne ya 15. Kwenye mbao za chini wamechorwa mitume 12, wamesimama bega kwa bega, na mavazi yao yamejaa nakshi za maua ambazo rangi yake bado inaonekana. Kwa juu mbao zimechongwa wazi, nyembamba kama fito, hivyo mtu aliyekaa ukumbini aliweza kuona ndani bila kuingia. Mlango uko katikati. Lakini tazama kulia na kushoto kwa mlango huo, upande wetu sisi waumini: kiambaza kimeendelezwa kila upande, kikawa mgongo wa altare mbili ndogo. Ile ya kusini imechorwa Bikira Maria na Mtoto, pamoja na Maria wawili wengine wa Injili, nao wana watoto wao, na Mtakatifu Margareta, ambaye wanawake wajawazito walimwomba awasimamie. Ukiinama kidogo unaona watoto wale wameshika vitu vya kuchezea. Kila ninapofika hukaa hapo kuliko mahali pengine pote kanisani.

Altare hizo mbili ziko nje ya chanseli. Katika zama za kati hilo lilikuwa jambo la kawaida, na kanisa la kijiji liliweza kuwa na altare kadhaa huku chanseli ikiwa moja tu.

Kwa hiyo, dada yangu uliyesimama mbele ya Bikira Maria yule na kusema "hapa ni altareni", ulisema kweli, altare ilikuwa mbele yako. Viti vya wanakwaya ulivyokuwa ukivionyesha kwa kidole vilikuwa ng'ambo ya mbao, hatua chache kupita ule mlango wa katikati. Kule ndiko chanselini.